Jinsi ya Kumtambua Buibui wa Porini: Alama za Mgongoni Zisomwe Mwisho

Picha moja ya mgongoni, kisha kupekua kitabu au simu hadi apatikane anayefanana naye kwa rangi: hivyo ndivyo buibui wengi wanavyopewa majina, na ndivyo wengi wao wanavyopewa majina yasiyo yao. Vitabu havina kosa. Kosa ni kuanzia mwisho. Rangi na madoa ndiyo mambo yanayobadilika kwa wepesi zaidi katika mwili wa buibui, ilhali mpangilio wa macho, umbo la mwili na aina ya utando havibadiliki ovyo. Hukaa vilevile katika jenasi nzima, yaani kundi la spishi ndugu, mara nyingi katika familia nzima, yaani kundi la jenasi zinazohusiana. Ukianza na hivyo unaondoa maelfu ya spishi kwa mkupuo, na alama za mgongoni zinabaki na kazi moja tu: kuchagua kati ya ndugu wachache waliosalia.

Kazi hiyo ya kuondoa ni lazima. Orodha ya kimataifa ya buibui, World Spider Catalog, inayotunzwa na makumbusho ya viumbe asilia ya mji wa Bern, Uswisi, ilifikisha spishi 50,000 mwaka 2022. Kitabu cha kubeba mfukoni huwa na mia chache tu. Kwa hiyo uwezekano kwamba buibui wako hayumo kabisa kitabuni ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani.

Vifaa ni vichache: simu au kamera inayoweza kupiga kwa karibu, lenzi ya mkono ya kukuza mara 10, chombo kidogo cha plastiki angavu chenye kifuniko, rula yenye milimita, daftari, na tochi ya kuvaa kichwani kwa ajili ya usiku.

Hatua ya 1: Hakikisha ni buibui

Miguu minane haitoshi. Kupe na nge wanayo pia. Buibui ana mwili wa sehemu mbili zilizoungwa na kiuno chembamba. Mbele ni kichwa na kifua vilivyoshikana kuwa kitu kimoja, na hapo ndipo yalipo macho, taya na miguu yote. Nyuma ni tumbo, na mwishoni mwake vipo vitoa-uzi. Viumbe wa oda ya Opiliones, wenye miguu mirefu myembamba, hudanganya wengi. Lakini mwili wao ni kipande kimoja kisicho na kiuno, wana macho mawili tu, na hawafumi utando.

Kuna na wanaodanganya kwa upande wa pili. Myrmarachne, mmoja wa buibui warukaji, ana umbo na mwendo wa chungu (sisimizi), tena hunyanyua miguu ya mbele na kuichezesha ionekane kuwa vipapasio. Ukiona chungu anayening'inia kwa uzi, mhesabu miguu.

Hatua ya 2: Msome akiwa palepale alipo

Usimguse bado. Ukimtoa mahali pake, nusu ya ushahidi umeitupa.

Tazama utando kwanza. Ule wa mviringo, wenye nyuzi zinazotoka katikati na nyingine zinazozunguka, ni wa familia chache: hasa Araneidae, Tetragnathidae na Uloboridae. Angalia kitovu chake. Tetragnathidae wengi huacha tundu wazi pale katikati, na mara nyingi hulaza utando wao karibu na maji. Nyuzi zenye rangi ya dhahabu zikipigwa na jua humwelekeza mtu kwa Trichonephila na ndugu zake. Mkanda mweupe wa zigizaga uliofumwa katikati ni dalili nzuri ya Argiope, ingawa wapo wengine wanaopamba tando zao.

Utando wa shuka uliolala, wenye shimo la mfereji pembeni ambamo mwenyewe amejibanza, ni wa Agelenidae. Shuka isiyo na mfereji, huku buibui mdogo akining'inia chini yake kichwachini, mara nyingi ni ya Linyphiidae. Nyuzi zilizotapakaa kila upande bila mpango unaoonekana ni za Theridiidae, au za Pholcidae wenye miguu mirefu sana, ambao ukiwagusa hujitikisa kwa kasi hadi wasionekane vizuri. Na ukiona uzi uliochambuka wenye weupe wa kibuluu, usio na matone ya gundi, liandike hilo kwa herufi kubwa. Buibui wa aina hiyo huchana hariri yao kwa safu ya nywele maalumu kwenye miguu ya nyuma, na tabia hiyo huondoa familia nyingi kwa pigo moja.

Asiye na utando naye anajieleza kwa mkao. Thomisidae, buibui-kaa, wana miguu miwili miwili ya mbele iliyo mirefu na minene kuliko ya nyuma, na huitanua kando wakivizia mawindo juu ya ua. Sparassidae ni wakubwa, wamelala bapa ukutani au kwenye gome, miguu yote imepinda kuelekea mbele. Hersiliidae hukaa juu ya mashina ya miti, na vitoa-uzi vyao ni virefu kiasi cha kuonekana bila lenzi. Oxyopidae hukimbia na kuruka juu ya majani, miguu imejaa miiba iliyosimama.

Mama aliyebeba mayai ni zawadi kwa mtambuzi. Lycosidae hubandika kifuko cha mayai kwenye vitoa-uzi nyuma, na watoto wakianguliwa hupanda mgongoni kwake. Pisauridae, wanaofanana nao sana kwa rangi na ukubwa, hushika kifuko kwa taya mbele, chini ya kifua. Kabla hujasoma doa hata moja, familia mbili zinazochanganywa kila siku zimeshatengana.

Hatua ya 3: Tazama uso

Hii ndiyo hatua ninayomsihi kila anayeanza asiiruke. Buibui wengi wana macho manane, na jinsi yalivyopangwa ndiyo njia ya uhakika zaidi ya kufika kwenye familia bila hadubini.

Warukaji, Salticidae, wana macho mawili makubwa mno yanayotazama mbele moja kwa moja, na mengine madogo pembeni na juu. Hata picha yenye ukungu kidogo huonyesha hilo. Lycosidae wana safu tatu: manne madogo chini, mawili makubwa juu yake yakitazama mbele, kisha mawili ya wastani yaliyorudi nyuma juu ya kichwa. Usiku weka tochi karibu na macho yako mwenyewe, umulike nyasini; macho yao hurudisha mwanga, na utaviona vinukta vya kijani vikikutazama kutoka mbali. Oxyopidae wana macho sita yaliyopangwa kwa pembe sita na mengine mawili madogo chini yake. Sparassidae wana safu mbili za manne manne.

Wenye macho sita ni wachache, kwa hiyo ni habari kubwa. Loxosceles ana jozi tatu zilizoachana: moja mbele, moja kila upande. Scytodes, anayetema gundi juu ya mawindo, naye ana jozi tatu, ila kifua chake kimeinuka juu kwa nyuma na mwili umejaa madoadoa. Ndiyo sababu macho husomwa pamoja na umbo, si peke yake.

Kwa buibui wakubwa wenye manyoya, angalia pia chonge za taya. Kundi la kina tarantula lina chonge zinazoshuka sambamba, zikielekea nyuma chini ya mwili. Buibui wengine karibu wote chonge zao huelekeana na kukutana.

Hatua ya 4: Piga picha zinazojibu maswali

Mgongo, uso, ubavu, chini ya tumbo, na utando au mahali alipo. Picha ya mgongoni ndiyo rahisi, nayo ndiyo inayoachia maswali mengi zaidi ikiwa peke yake. Chini ya tumbo husahaulika sana, wakati kwa mwenye utando wa mviringo huhitaji hata kumgusa: zunguka upande wa pili wa utando, tumbo lenyewe litakuwa limekuelekea.

Kwa asiyetulia, mfunike kwa chombo angavu, pitisha karatasi ngumu chini yake, ufunge. Chombo kikikaa mahali pa baridi kwa dakika chache, mwendo wake hupungua bila kumdhuru. Mpige kupitia ukuta wa chombo ukiwa umekiinamisha ili mwanga usiakisi. Weka rula kwenye picha angalau mara moja. Kipimo kinachotajwa vitabuni ni urefu wa mwili, kutoka mbele ya kichwa hadi mwisho wa tumbo, bila miguu. Anayesema "alikuwa mkubwa kama kiganja" amepima miguu, na kwa kipimo hicho kitabu hakiwezi kumsaidia.

Usimshike kwa mkono. Karibu buibui wote wana sumu ya kuwindia, ingawa ni wachache sana ambao sumu yao ni hatari kwa binadamu, na kwa hatua hii bado hujui uliye naye ni yupi.

Hatua ya 5: Jike, dume au mtoto?

Swali hili hutangulia alama, kwa sababu jike na dume wa spishi moja wanaweza kuonekana viumbe wawili tofauti. Jike wa Argiope bruennichi ana milia ya manjano, meupe na meusi tumboni. Dume wake ni mdogo, mwembamba, wa kahawia, na asiyejua hawezi kumdhania kuwa mume wa yule. Kwa Trichonephila tofauti ya ukubwa ni kubwa zaidi. Dume hukaa pembezoni mwa utando wa jike na watu humpita wakidhani ni mtoto au mwizi wa chakula.

Angalia pedipalpi, yaani vile viungo viwili vifupi vilivyo pembeni mwa taya. Kwa dume aliyekomaa ncha zake zimevimba kama glavu za bondia. Kwa jike ni nyembamba mpaka mwisho. Jike aliyekomaa ana bamba gumu la uzazi, epigini, chini ya tumbo kwa mbele, mara nyingi lenye wekundu au weusi unaong'aa. Asiye na bamba wala uvimbe huenda bado ni mtoto, na vitabu vingi huchora wakubwa tu. Mtoto hubadilika rangi kadiri anavyojivua gamba. Wachanga wa Latrodectus, jenasi ya buibui wajane weusi, kwa mfano, wana mistari na madoa meupe au mekundu ambayo katika spishi kadhaa hutoweka mwili ukigeuka mweusi.

Hatua ya 6: Sasa soma alama

Soma kwa utaratibu, kutoka mbele kwenda nyuma, ukiandika unachokiona na si jina unalolitamani. Kifuani: kuna mstari wa katikati? Umenyooka au kingo zake zimechongoka? Kuna ukingo mweupe pembeni? Tumboni, mbele katikati, mara nyingi ipo alama ndefu iliyochongoka juu ya mahali moyo ulipo. Iite alama ya moyo. Kisha kuna mchoro mpana wenye kingo za mawimbi unaofunika sehemu kubwa ya mgongo wa tumbo, ambao vitabu huuita jani. Nyuma zaidi huweza kuwapo mikunjo ya herufi V inayofuatana. Miguuni tafuta pete za rangi, na kama zipo uandike ziko kwenye pingili zipi. Mwisho, chini ya tumbo.

Mahali alama zilipo zina uzito kuliko rangi zake. Araneus diadematus ana msalaba wa madoa meupe tumboni, na msalaba huo hubaki ingawa mwili unaozunguka huweza kuwa wa manjano hafifu, wa rangi ya kutu au wa kahawia iliyoiva. Weupe wenyewe ni fuwele za guanini, taka ya mwilini inayohifadhiwa chini ya ngozi. Ndugu yake Araneus quadratus ana madoa manne makubwa meupe, naye huanzia kijani hadi rangi ya chungwa na wekundu wa kahawia. Anayefuata rangi atawatia wote katika kapu moja. Anayehesabu na kuangalia mpangilio wa madoa atawatenganisha.

Nikae kidogo kwa buibui mmoja ambaye kwangu ndiye mwalimu bora wa somo hili. Enoplognatha ovata ni mdogo, jike mkubwa ana urefu wa takribani milimita 5, miguu myembamba iliyopauka, na tumbo la duara. Hujificha chini ya jani alilolikunja kwa nyuzi. Anakuja kwa sura tatu: mmoja tumbo lote ni la rangi ya malai (krimu), wa pili ana mistari miwili myekundu, wa tatu mgongo umefunikwa wekundu mtupu. Ukiwaweka bega kwa bega utaapa ni spishi tatu. Lakini shika lenzi. Mstari mwembamba mweusi unapita katikati ya kifua. Safu za vinukta vidogo vyeusi zinashuka pande mbili za tumbo. Mgeuze: mkanda mweusi katikati ya tumbo kwa chini, umezungukwa na weupe. Vitu hivyo vidogo, visivyovutia jicho, ndivyo vinavyowaunganisha, wakati wekundu unaovutia ndio unaowatenga kwa uongo.

Na mambo hayaishii hapo. Mwaka 1982 ndipo wataalamu walipomtenga Enoplognatha latimana, aliyekuwa akihesabiwa pamoja naye muda wote huo, wakitumia viungo vya uzazi. Kwa picha ya mgongoni wawili hawa, walio wa malai au wa mistari, hawatenganishwi kwa uhakika.

Rangi hubadilika hata kwa buibui mmoja. Jike wa Misumena vatia hugeuka kutoka mweupe kuwa wa manjano na kurudi tena, kwa kipindi cha siku kadhaa, kufuatana na ua alilolikalia. Aliyeshiba au mwenye mayai tumbo hutanuka na mchoro hunyooka. Akishataga husinyaa na mchoro hujikunja. Kwa Lycosidae alama nyingi ni nywele za rangi tofauti, kwa hiyo mzee aliyesuguka au aliyelowa mvua huonekana mweusi tu bila mchoro.

Alama mbili za hatari zinastahili kusomwa kwa makini zaidi, kwa kuwa zinawatisha watu na kuwaponza buibui wasio na hatia.

Ya kwanza ni saa ya mchanga ya Latrodectus. Iko chini ya tumbo, si mgongoni. Latrodectus mactans wa Amerika Kaskazini huwa na saa kamili nyekundu. Kwa Latrodectus variolus huwa imekatika vipande viwili. Latrodectus hasselti wa Australia huongeza mstari mwekundu mgongoni. Latrodectus tredecimguttatus wa nchi za Mediterania kwa kawaida ana madoa mekundu mgongoni, lakini wapo walio weusi watupu. Latrodectus geometricus ni wa kahawia wenye michoro, saa yake ina rangi ya chungwa, na kifuko chake cha mayai kimejaa vijiti vilivyochomoza. Kifuko hicho pekee karibu kinatosha kumtaja. Steatoda, anayechanganywa nao kila mara, ana tumbo lilelile la duara linalong'aa, lakini hana saa ya mchanga, na spishi zake kadhaa zina mkanda uliopauka mbele ya tumbo.

Ya pili ni fidla ya Loxosceles reclusa: alama nyeusi kifuani, shingo yake ikielekea tumboni. Fidla ndiyo alama mbaya kuliko zote ya kutegemea, kwa sababu mtu mwenye hofu huiona kwa kila buibui wa kahawia, na Pholcidae kadhaa wana doa linalofanana nayo. Tafuta mambo matatu badala yake. Macho ni sita kwa jozi tatu. Miguu ina rangi moja, haina pete wala miiba iliyosimama. Tumbo lina rangi moja, halina mchoro. Likikosekana moja tu, si yeye. Tena makazi yake ya asili ni maeneo ya kati na ya kusini ya Marekani, na mbali na huko inatakiwa ushahidi mzito kabla ya kumtaja. Mtu akiumwa na buibui na hali yake ikabadilika, aende hospitali bila kusubiri jina. Picha ya buibui huyo, kama ipo, itawasaidia waganga.

Hatua ya 7: Kitabu, ufunguo na programu

Kitabu kizuri ni kile cha eneo ulilopo, kinachosema wazi ni spishi ngapi zinajulikana katika eneo hilo na chenyewe kina ngapi. Kitabu kinachoficha hesabu hiyo hukufanya uamini kwamba kila buibui yumo. Ukishampata anayefanana, usisimame kwenye picha. Soma maelezo yote, hasa sehemu ya spishi zinazofanana, kisha kagua ukubwa, makazi na miezi ambayo wakubwa huonekana. Jambo moja likigoma, lisikilize. Salticus scenicus, mrukaji mwenye milia myeusi na meupe anayependa kuta zenye jua, ana ndugu wawili wa Ulaya wenye milia inayofanana: Salticus cingulatus, ambaye hupatikana zaidi kwenye mbao na mashina, na Salticus zebraneus, mdogo zaidi, wa kwenye magome ya miti. Mahali ulipompata huweza kukuambia zaidi kuliko milia.

Ufunguo wa utambuzi ni mfuatano wa maelezo mawili mawili yanayopingana; unachagua moja, linakupeleka kwenye jozi nyingine, hadi ufike kwenye jina. Soma maelezo yote mawili kabla ya kuchagua, hata kama la kwanza linaonekana kukubali. Ukikwama, weka alama hapo, fuata njia zote mbili, kisha linganisha mwisho wa kila moja na buibui wako. Na kumbuka kwamba ufunguo hauna uwezo wa kusema "hayumo". Ukimwingiza spishi ambayo mwandishi hakuijumuisha, au mtoto asiyekomaa, utapata jina vilevile, na litakuwa la uongo. Ndiyo maana jina la mwisho wa ufunguo hurudishwa kwenye maelezo kamili kukaguliwa.

Tazama mwaka wa kitabu. Buibui husafiri, wachanga huachia uzi hewani wakabebwa na upepo, na wengine huhama ndani ya mizigo. Trichonephila clavata, mwenyeji wa Asia ya Mashariki, aligunduliwa katika jimbo la Georgia, Marekani, mwaka 2014. Mwenye kitabu cha Marekani cha kabla ya hapo, akimwona jike mkubwa kwenye utando wa dhahabu, hana budi kumwita kwa jina la mwenyeji, Trichonephila clavipes, kwa kuwa hakuna mwingine kitabuni. Lakini alama zinawatenga vizuri: clavipes ana vishada vya nywele miguuni na vidoa vilivyopauka tumboni, clavata hana vishada, na tumbo lake lina mikanda ya manjano na buluu iliyofifia, pamoja na wekundu upande wa chini.

Kitabu hichohicho kitamwita Nephila, si Trichonephila. Jina la jenasi lilibadilishwa mwaka 2019. Ndiyo kazi ya World Spider Catalog: ingiza jina la zamani, upate linalotumika leo. Ukiona jina la mwanasayansi na mwaka ndani ya mabano, kama Trichonephila clavata (L. Koch, 1878), ujue spishi hiyo ilihamishwa kutoka jenasi iliyowekwa mwanzo. Pasipo mabano, kama Araneus diadematus Clerck, 1757, haijahama. Mwaka huo 1757 unapendeza kuujua: majina ya kisayansi ya wanyama huhesabiwa kuanzia kazi ya 1758 ya Linnaeus, mwanzilishi wa mfumo wa majina hayo, na majina ya buibui ya Clerck yalikubaliwa kwa namna ya pekee ingawa yalitangulia.

Programu za simu, kama iNaturalist, ni msaada mkubwa wa kufika kwenye familia au jenasi, na ramani zake za kumbukumbu zina thamani. Ila zinategemea hasa picha. Kama picha yako haikuonyesha macho, programu haikuyaona pia. Na watu watatu wakikubaliana juu ya picha ileile ya mgongoni, ushahidi haujaongezeka. Zimeongezeka kura tu.

Hatua ya 8: Simama pale ushahidi unapoishia

Kwa makundi mengi, jina la spishi haliwezekani kwa picha. Pardosa wengi, jenasi ya Lycosidae, hutenganishwa kwa epigini na pedipalpi chini ya hadubini. Eratigena wakubwa wa kundi la atrica, wa familia ya Agelenidae, ni hivyohivyo. Kuandika "Pardosa, spishi haikutambuliwa" ni jibu kamili, tena lina faida kwa mtafiti kuliko jina kamili lililobahatishwa, maana la kubahatisha huingia kwenye ramani na kumpotosha anayefuata. Wanaohitaji kwenda mbali zaidi huhifadhi sampuli katika ethanoli ya asilimia 70 hadi 80 na kuzipeleka kwa mtaalamu. Hata hivyo piga picha kwanza akiwa hai, kwa sababu kijani, manjano na wekundu huyeyuka humo. Kwa anayetaka kujua tu, hakuna haja ya kumwua.

Hatua ya 9: Andika, kisha mrudishe

Andika tarehe na saa, mahali kwa vipimo vya ramani, makazi, urefu kutoka ardhini, utando au tabia, urefu wa mwili, jinsia, na kama amekomaa. Halafu taja jina uliloamua pamoja na sababu zake, kitabu na toleo ulilotumia, na spishi ulizoziondoa. Mrudishe palepale ulipomtoa, kwenye jani au gome lilelile, si kwenye kichaka cha jirani. Kumbukumbu iliyokamilika husomeka hivi: "Enoplognatha ovata au latimana, jike aliyekomaa, milimita 5, mistari miwili myekundu, chini ya jani lililokunjwa ukingoni mwa msitu, nusu mita kutoka ardhini, na kifuko cha mayai cha kibuluu, mstari mweusi kifuani na mkanda mweusi chini ya tumbo vimeonekana, epigini haikukaguliwa kwa hadubini."